Mungu Aliyekufa Ijumaa: Waprotestanti Wanamaanisha Nini Wanapotaja Udhaifu wa Mungu

Mkristo aliyekulia Dar es Salaam huwa ameshaulizwa swali hili kabla hajamaliza darasa la saba. Huulizwa kijiweni, shuleni, au kwenye mihadhara ya dini, ile iliyokuwa ikijaza watu viwanjani miaka ya 1980 na 1990: "Ninyi mnasema Yesu ni Mungu. Haya, alikufa Ijumaa, akafufuka Jumapili. Hizo siku alizokuwa kaburini, dunia iliendeshwa na nani?" Watu hucheka, muulizaji husubiri, na Mkristo wa watu hutafuta pa kutokea.

Jibu tulilozoea kulitoa haraka ni kwamba kilichokufa ni ubinadamu wake tu, uungu haukuguswa. Linatosha kumaliza ubishi na kurudi kwenye kahawa. Ila jibu hilo, likiachwa hivyohivyo, Martin Luther alilikataa kwa ukali, na alilikataa akibishana na Mprotestanti mwenzake, si na Papa. Sababu zake zinagusa mambo mengi tunayoyasikia makanisani hapa mjini, kuanzia mafuta ya upako hadi ushauri anaopewa mama anayepigwa na mumewe.

Tuanze na upande ulio mwepesi. Kufa si kutoweka. Hata anayeuliza anaamini kwamba bibi yake aliyezikwa Kisutu hajawa hewa. Yupo, anangoja siku ya hukumu. Mauti ni roho na mwili kutengana, na Wakristo wanaposema Mwana wa Mungu alikufa hawana maana kwamba alikoma kuwapo mpaka Jumapili alfajiri. Wala hawasemi kwamba Utatu wote ulilazwa kaburini. Aliyetwaa mwili ni Mwana, si Baba wala Roho Mtakatifu.

Kisha kuna jibu la Yohana Calvin, kiongozi mwingine wa Waprotestanti wa mwanzo, ambalo nashangaa kwa nini halisikiki zaidi mitaani kwetu. Katika kitabu chake kikubwa cha mafundisho, ambacho toleo lake la mwisho la Kilatini lilitoka mwaka 1559, Calvin aliandika kwamba Mwana wa Mungu alishuka kutoka mbinguni bila kuiacha mbingu: alichukuliwa tumboni mwa bikira, akatembea duniani, akatundikwa msalabani, na wakati wote huo aliendelea kuujaza ulimwengu kama alivyoujaza tangu mwanzo. Katekisimo ya Heidelberg ya mwaka 1563 inafundisha vivyo hivyo. Halikuwa wazo jipya. Athanasio wa Aleksandria alishalisema katika karne ya 4. Kwa hiyo dunia iliendeshwa na yuleyule aliyekuwa akiiendesha alipokuwa mtoto mchanga horini, hajui hata kuketi. Ukilitafakari, swali la kijiweni limechelewa kuulizwa. Lilipaswa kuulizwa Krismasi, na wala si Ijumaa Kuu.

Hapo mwenye kubishana angeridhika. Luther hakuridhika. Alichokiogopa ni kwamba ukishamweka Mwana upande huu, mwili wake upande ule, na mateso yote ukayatupia mwili, umebaki na mtu mwema aliyeuawa na Mungu aliyekuwa akitazama kwa mbali. Huldrych Zwingli wa Zurich, yule Mprotestanti mwenzake, alikuwa amefundisha kwamba Maandiko yanaposema Mwana wa Mungu aliteswa, hiyo ni namna tu ya kusema. Kinachokusudiwa ni ubinadamu wake. Mwaka 1528 Luther alimjibu kwamba kama ni ubinadamu peke yake ulioteswa kwa ajili yangu, basi huyo Kristo ni mwokozi asiye na thamani, tena yeye mwenyewe anahitaji mwokozi. Mwaka 1539 alirudia hoja hiyo kwa mfano ambao muuza nafaka yeyote wa Kariakoo angeuelewa. Sisi tuko kwenye sahani moja ya mizani, na uzito wetu unatuzamisha. Mungu asipokuwa kwenye sahani ya pili, tunazama moja kwa moja. Kuwekwa mwanadamu mmoja upande ule, hata awe mtakatifu namna gani, hakutainua kitu. Ni lazima iweze kusemwa kwamba Mungu alikufa kwa ajili yetu. Maneno hayo yaliingizwa baadaye katika Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, mojawapo ya maandiko ya imani ya Walutheri.

Je, Luther alikuwa anasema uungu wenyewe ulipata maumivu, ukachoka, ukakata roho? Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea njia. Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, unaokubaliwa na Waprotestanti wa zamani wote, ulisema Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu, bila kuchanganywa na bila kutenganishwa. Anayeteseka ni nafsi. Asili haiteseki kama kitu kinachosimama peke yake. Mtu ndiye anayeteseka. Ukinikanyaga mguu hutasema umekosana na mguu wangu. Umekosana na mimi. Basi aliyepigwa misumari pale Golgotha ni Mwana wa Mungu mwenyewe, na alipigwa katika mwili alioutwaa kwa sababu bila mwili asingeweza kupigwa. Mtaguso wa pili wa Konstantinopoli, mwaka 553, uliliweka hivi: aliyesulibiwa katika mwili ni Mungu wa kweli, mmoja wa Utatu Mtakatifu. Sentensi hiyo haisemi kwamba Mungu hakuguswa. Haisemi pia kwamba uungu uligeuka kitu kingine.

Kwa nini mababa wa kanisa walisisitiza hivyo kwamba Mungu kwa asili yake hateseki? Siku hizi wanalaumiwa kwamba waliiga falsafa ya Wayunani wakatuletea Mungu baridi kama jiwe. Lawama hiyo ina ukweli kidogo tu. Walikuwa wakiishi katikati ya miungu inayokasirika kwa wivu, inayohongwa kwa sadaka, inayotamani wake za watu. Kusema Mungu haendeshwi na mihemko kulikuwa ni kusema hahongeki wala hayumbi, na upendo wake haungoji umchangamshe kwanza. Kanuni ya kwanza kati ya Kanuni 39 za Kanisa la Uingereza, katika toleo la 1571, inasema Mungu hana mwili, wala sehemu, wala mihemko. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, ambalo ni ungamo la imani la Wapresbiteri, linasema vivyo hivyo. Kwa hiyo Mwanglikana wa Mtakatifu Albano pale katikati ya mji, akisikia mhubiri akisema Mungu Baba anaumwa na kulia pamoja naye usiku kucha, ana haki ya kuinua mkono na kuuliza hilo limetoka wapi.

Limetoka, kwa sehemu kubwa, kwenye vita. Mwaka 1946, Japani ikiwa bado majivu, Mlutheri Kazoh Kitamori alichapisha kitabu kuhusu maumivu ya Mungu, akianzia kwenye nabii Yeremia, sura ya 31, pale moyo wa Mungu unapotaabika kwa ajili ya Efraimu. Jürgen Moltmann alikuwa kijana wa miaka 17 mwaka 1943, kwenye kikosi cha mizinga ya kutungulia ndege, Hamburg ilipochomwa kwa mabomu. Rafiki yake aliyesimama karibu naye aliuawa, yeye akabaki. Baada ya hapo alikuwa mfungwa wa vita, na huko Scotland alipewa Biblia. Alisoma Zaburi ya 39, kisha akafika kwenye Injili ya Marko na kilio kile cha "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Alisema baadaye kwamba hapo alimwona mtu anayemwelewa. Kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Mungu aliyesulibiwa kilikwenda mbali kuliko Luther: Mwana anateseka kwa kufa akiwa ameachwa, na Baba naye anateseka, kwa uchungu wa kumpoteza Mwana. Moltmann alifariki mwaka 2024, na ubishi wake bado uko mezani.

Alijilinda na kosa la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 3 Tertuliano alimshambulia mtu aitwaye Prakseasi kwa kufundisha, kwa vile Baba na Mwana kwake ni mmoja tu, kwamba Baba ndiye aliyesulibiwa. Moltmann hasemi hivyo. Baba wake anaomboleza, hafi. Lakini Mjerumani mwenzake Dorothee Sölle alimshtaki kwa jambo zito zaidi. Baba anayemtoa Mwanawe ateswe, hata kama Baba huyo analia, bado ni mtesaji, na watu wakimwabudu mtesaji watajifunza kutesa. Upande mwingine kabisa, Mkatoliki Karl Rahner alisema kwa mkato kwamba kutoka kwake kwenye shida hakusaidiwi na Mungu aliyekwama kwenye shida ileile.

Mimi naegemea upande wa zamani, pamoja na ule ujasiri wa Luther. Rahner ana haki kwamba anayezama hahitaji mwenzake wa kuzama naye. Ila anasahau, au walau kwa mkato ule hakutaja, kwamba Kristo aliingia majini kwa hiari, akiwa na uwezo wa kutoka. Moltmann naye ana haki kwamba kilio cha msalabani hakikuwa maigizo. Hatuhitaji kumfanya Baba mgonjwa ili kilio kile kiwe cha kweli.

Mateso ni nusu moja tu ya mada. Nusu ya pili ni udhaifu, na hapo tunamfikia Paulo, ambaye maneno yake hayasomeki vizuri kwenye bango la mkutano wa injili: "udhaifu wa Mungu una nguvu zaidi ya wanadamu." Aliyaandika kwa Wakorintho, kanisa la mji wa bandari uliojaa biashara, wageni, wasemaji hodari na watu wa kushindania vyeo. Baadaye kanisa hilo lilivamiwa na wahubiri ambao Paulo anawaita kwa kejeli "mitume walio wakuu". Walikuwa na ufasaha na walijua kujisifu. Walidai Paulo ana barua kali, lakini akija mwenyewe ni mtu dhaifu na usemi wake hauna maana.

Paulo anajibu kwa kujisifu na yeye, ila orodha yake ni ya ajabu. Amepigwa na Wayahudi viboko arobaini kasoro kimoja mara tano. Amepigwa kwa bakora mara tatu, amepigwa mawe mara moja, amevunjikiwa jahazi mara tatu. Njaa, kiu, baridi, uchi. Na anapofika mwisho, pale ambapo msikilizaji anangoja ushindi, anasimulia jinsi alivyotoroka Dameski usiku akiwa ndani ya kapu, akiteremshwa dirishani ukutani ili askari wasimkamate. Hicho ndicho kilele cha shuhuda yake, mtume ndani ya kapu. Kisha katika sura inayofuata anataja mwiba wake, aliouombea mara tatu uondolewe ukakataliwa, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu."

Kutokana na barua hizi Luther alijenga kile anachokiita theolojia ya msalaba. Aprili 1518, miezi michache tu baada ya ubishi wa hati za msamaha kuanza, alitetea hoja zake mbele ya watawa wenzake wa shirika la Augustino mjini Heidelberg. Hoja ya 21 ndiyo iliyobaki vinywani mwa watu: mwanatheolojia wa utukufu huita baya jema na jema baya, mwanatheolojia wa msalaba huita kitu vile kilivyo. Mtu wa utukufu anamtafuta Mungu kwenye mafanikio, nguvu na mambo yanayong'aa. Akikuta mateso anafikiri Mungu hayupo, na akikuta fedha anafikiri Mungu amefika. Mtu wa msalaba anajua kwamba siku Mungu alipojionyesha waziwazi kuliko siku nyingine yoyote, waliokuwapo walidhani wanaona mhalifu. Hii haina maana kwamba Mungu amepungukiwa nguvu. Angeweza kushuka msalabani, na wapita njia walimdai afanye hivyohivyo. Udhaifu wake ni nguvu iliyokataa kujiokoa yenyewe.

Ni rahisi sasa kuinyoshea kidole injili ya mafanikio. Dar es Salaam imejaa mabango yake: mkesha wa kuvunja laana, maji ya upako, mbegu ya kupanda ili uvune gari. Hata hivyo naomba tuende polepole. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na aliyekuwa akikitoa alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, wala si nabii wa kileo. Februari 2020, kwenye uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Waliokimbia hawakuwa wapumbavu. Ni wagonjwa na wazazi wa wagonjwa, ni watu ambao bili ya hospitali imewashinda. Theolojia ya msalaba ikigeuka kuwa dharau ya wenye bima kwa wasio na bima, imeshakuwa ya utukufu.

Kuna mstari mmoja unaoonyesha ugumu huu vizuri. Mathayo 8:17, akimnukuu Isaya, anasema, "Mwenyewe aliutwaa udhaifu wetu, na kuyachukua magonjwa yetu." Kwenye mikutano ya maombezi huu ni mstari wa uponyaji, na wahubiri hawajakosea, kwa sababu Mathayo anauweka jioni ile ambayo Yesu amemponya mama mkwe wa Petro na wagonjwa wengine wengi. Sasa msikilize Dietrich Bonhoeffer, Mlutheri aliyefungwa na serikali ya Hitler katika gereza la Tegel, Berlin. Tarehe 16 Julai 1944 alimwandikia rafiki yake kwamba Mungu anakubali kusukumwa nje ya ulimwengu mpaka msalabani, na kwamba Mungu anayeteseka ndiye pekee awezaye kusaidia. Ushahidi anaoutaja ni mstari huohuo, Mathayo 8:17: Kristo hatusaidii kwa uweza wake wote bali kwa udhaifu na mateso yake. Tarehe 9 Aprili 1945 alinyongwa Flossenbürg.

Mstari ni mmoja, matumizi ni mawili, na kila upande umeshika kweli. Jumuiya za Kilutheri hapa mjini hukutana nyumba kwa nyumba, na katika ibada moja ya Jumamosi alfajiri baba mwenye nyumba alikuwa amepooza upande mmoja, ameketishwa karibu na mlango, mto mgongoni, na viti vya plastiki vimeazimwa kwa majirani. Mzee wa kanisa aliomba kwa sauti ya chini, muda mrefu, kwa ajili ya uvumilivu, faraja na mapenzi ya Mungu kutimizwa. Uponyaji hakuutaja hata mara moja. Shemeji wa mgonjwa, anayesali kwingine, akashindwa kujizuia: "Tunaikataa roho ya kupooza, katika jina la Yesu!" Wakawa wanaomba wote wawili kwa pamoja, huyu akipanda, yule akishuka. Mgonjwa aliitikia amina kwa wote wawili. Nadhani ndiye aliyeuelewa mstari kuliko sisi sote. Mzee alikuwa ameacha kuomba uponyaji kwa sababu anaogopa kukataliwa, shemeji alikuwa anakataa kusikia neno hapana. Paulo aliomba mara tatu, kisha akapokea neno hapana, na yote mawili yamo katika barua moja.

Hilo linatuleta kwenye uanafunzi, na hapa hatari inageuka upande. Katika Marko 8 Yesu alisema, "Mtu yeyote akitaka kunifuata, na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake, anifuate." Katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu kumfuata Kristo, Bonhoeffer aliandika kwamba Kristo akimwita mtu anamwita aje afe, akaishambulia neema rahisi, ile ya msamaha bila toba na ubatizo bila nidhamu. Kwa kanisa lililonyamaza mbele ya Hitler lilikuwa neno la kweli. Lakini neno hilohilo likitoka kinywani mwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye na nguvu linakuwa sumu. Mabwana wa watumwa walilipenda. Makanisa mazuri ya pwani yetu, likiwemo lile la Azania Front linalotazama bandari, yalijengwa chini ya utawala wa Wajerumani, na si vigumu kuwaza uvumilivu ulihubiriwa kwa nani zaidi.

Leo linasikika hivi. Mama anafika kwa mzee wa kanisa, jicho limevimba, anaeleza kwamba mume amempiga tena. Anaambiwa, "Vumilia mama, ndoa ni msalaba wako. Mwombee." Anarudishwa nyumbani. Kwa lugha ya Luther kule Heidelberg, hicho ni kuita baya jema.

Msalaba wa Marko 8 una masharti yake. Ni mateso yanayompata mtu kwa sababu anamfuata Kristo, ambayo angeyaepuka kama angeacha kumfuata: karani anayekataa kusaini hati ya uongo akahamishwa, binti anayefukuzwa kwao kwa kubatizwa, jirani anayelala hospitali akimhudumia mgonjwa asiye ndugu yake. Kansa si msalaba kwa maana hiyo. Umaskini si msalaba, kipigo si msalaba. Ni maovu, na mbele ya maovu Yesu aliponya, alilisha na kukemea. Anaweza kuwa pamoja na mtu ndani ya maovu hayo, na hilo ndilo fundisho lote la Mungu anayeteseka, lakini kuwa pamoja na mtu shimoni si kulibariki shimo. Yeye mwenyewe hakukubali kila kipigo. Nazareti walipotaka kumtupa chini ya kilima alipita katikati yao akaenda zake. Hekaluni walipookota mawe alijificha akatoka. Gethsemane aliomba, "ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke," kabla hajasema mapenzi yako yatimizwe. Paulo alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi, akatumia sheria kuuokoa mgongo wake.

Na kumbuka kapu. Paulo analiweka katika orodha ya udhaifu anaojisifia kwa ajili ya Kristo, pamoja na viboko na jahazi kuvunjika. Kwake kutoroka mtesaji hakukuwa kuukimbia msalaba. Mama aliyetoka usiku na watoto wawili na mfuko wa nguo akaenda kwa dada yake Chanika yuko karibu na mtume yule kuliko mzee aliyemwambia arudi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Mchungaji anayemsindikiza huyo mama mpaka dawatini anahubiri msalaba kwa usahihi kuliko anayemsomea 1 Petro, pale wake wanapoambiwa wawatii waume zao, sebuleni mwa mume wake. Vivyo hivyo kwa mgonjwa anayeambiwa aache dawa za kufubaza virusi kwa kuwa ameshaombewa. Kumwambia ameze dawa zake, na kuendelea kumwombea, ni kuita kitu vile kilivyo.

Wapo watakaosema nimewaachia mlango wazi Wakristo wa starehe, wale wanaotaka kila maumivu yaitwe dhuluma ili wasibebe chochote. Pingamizi hilo ni la kweli, na Bonhoeffer angelisema kwa sauti kubwa kuliko mimi. Kipimo ninachokijua ni kuuliza nani anachagua. Kristo alisema anautoa uhai wake mwenyewe, hakuna anayemnyang'anya. Mtu akijitwika mzigo kwa ajili ya mwenzake, tumheshimu na tumsaidie kuubeba. Akitwikwa na anayefaidika na mzigo huo, kazi ya kanisa ni kumtua. Wakati mwingine mambo haya mawili yamejifunga pamoja kiasi kwamba mchungaji mwema atakaa na mtu miezi kabla ya kuyatenganisha.

Kwenye liturujia zetu pia kuna pengo. Ibada nyingi za mjini, ziwe za Kipentekoste au za kwetu za kizamani, zina nafasi ya shuhuda. Anayepewa kipaza sauti ni yule ambaye hadithi yake imeshaisha vizuri: kazi imepatikana, mtoto amezaliwa, mpinzani ameshindwa kesi ya kiwanja. Ambaye bado yuko katikati ya hadithi, anayekwenda mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road wiki ya tatu na hajui itakuwaje, anapiga makofi kwa ajili ya wengine. Biblia ilimwandalia nafasi. Zaburi za maombolezo ni nyingi kuliko aina nyingine yoyote ya zaburi, na karibu zote hugeuka sifa kabla ya mwisho. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, inamlaumu usiku na mchana, na inaishia gizani bila neno la shukrani. Haihitaji kuandaliwa semina. Isomwe yote Jumapili moja ya Kwaresima, mwongoza ibada asiongeze maelezo, kwaya isiidandie kwa pambio la ushindi, na matangazo yafuate kama kawaida.